Pistoni Ilikuwa Nzima

Wilondja mwanangu,

Pistoni ya pikipiki ile ilikuwa nzima. Naanza na neno hilo kwa sababu nikitanguliza salamu nitazunguka mpaka karatasi iniishie, na nitakuwa nimekuandikia kurasa nyingi bila kukuambia kitu.

Leo Jumapili umetoka kanisani ukapitiliza kwa shangazi zako, kule chini karibu na ziwa, kuwaaga. Najua watakushika na bugali na visamaki vya ndagala mpaka jua lipoe. Mimi nimekaa hapa barazani, mlango wa gereji nimeufunga, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuna anayeniita. Kesho utapanda na Muganga Asende hadi Fizi, na kutoka Fizi hadi Kilembwe, ukawe dereva na fundi wa pikipiki ya kituo chake cha afya. Ilikuwa uende Jumatatu iliyopita. Ni mimi niliyekuchelewesha, na nilikuchelewesha kwa uongo.

Unakumbuka ilivyokuwa. Muganga aliingia uani, injini ikiunguruma, akasema amekuja kumchukua dereva wake. Nilimwambia asizime. Nikainama, nikaweka sikio, nikakaa hivyo muda mrefu kama mtu anayesikiliza kweli. Halafu nikasema, "Hii haifiki Kilembwe. Pistoni inagonga. Lazima ifunguliwe." Muganga hakuuliza. Yeye, nikimwambia injini inaumwa, anashuka na kunikabidhi ufunguo. Wewe ndiye uliyeniangalia.

"Mama, mi sisikii kitu," ulisema.

Nikakujibu mbele yake, "We ungali mutoto. Utasikia nini?"

Nilikuona ukiinama tena juu ya injini, umefumba macho, unautafuta mgongano wa pistoni ambao haukuwapo.

Nilikutuma sokoni ili nifungue peke yangu. Silinda ilitoka safi. Kuta zake laini, hakuna mkwaruzo hata wa unene wa unywele. Segma, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni na kuziba pumzi isitoroke, zilikuwa zinacheza huru katika mifereji yake. Nilitia moja ndani ya silinda nikapima mwanya wa ncha zake kwa wembe, kama unavyoniona nikifanya siku zote. Wembe ulipita kwa shida. Injini ile ingekwenda Kilembwe na kurudi msimu huu wote wa mvua na mwingine. Nikaifuta, nikaifunika kwa gunia, na uliporudi nikakuambia tunangoja gasketi kutoka Uvira. Gasketi ilikuwa chini ya kitanda changu, ndani ya kopo la maziwa ya unga, mpaka jana nilipoifunga injini.

Katika siku sita hizo nilipika majani ya sombe mara mbili. Ulikaa nami jikoni bila neno, kwa sababu ulikuwa na hasira, lakini ulikaa. Nilikuangalia unavyokula. Niliangalia hata viatu vyako mlangoni.

Kama ingekuwa ni kukuibia wiki moja tu, ningekuomba msamaha kwa mdomo na ungecheka. Lakini juzi niliona kitu kikanitisha. Mtu wa sokoni alikuletea pikipiki yake akakuuliza kama injini iko sawa. Uliisikiliza, ukaiendesha mpaka kwenye kona na kurudi, halafu ukamwambia, "Ngoja Mama aje." Hukuwa umesema hivyo tangu ulipokuwa na miaka kumi na tano. Ndipo nikajua kwamba nimekuharibia sikio. Na njia unayokwenda haina huruma kwa dereva asiyeamini sikio lake.

Basi sikia: ulisikia vizuri. Hakukuwa na kitu. Mimi, kile nilichokuwa nakisikia siku ile hakikutoka kwenye injini. Nilikuwa nasikia ua huu utakavyokuwa ukishaondoka.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kumheshimu mkubwa wako wa kazi. Hayo unayajua. Nitakuandikia habari za baba yako, ambazo nilikupa nusu.

Baba yako Lubunga alikuwa fundi wa injini za mipigo miwili, zile zinazokunywa esansi iliyochanganywa na oili, na katika Baraka yote hapakuwa na mikono kama yake. Gereji ilikuwa palepale ilipo sasa. Mimi nilikuwa nauza esansi kwa chupa kwenye meza mbele yake, na kati ya mteja na mteja nachambua maharagwe. Hakunifundisha kitu. Lakini mtu akikaa miaka kumi na miwili hatua tatu kutoka kwenye injini, masikio yanajifunza yenyewe. Nilianza kwa kujua pikipiki ya nani inakuja kabla haijakata kona. Kisha nikaanza kujua ni ipi inaumwa. Pistoni ikilegea ndani ya silinda, inagonga kuta inapopanda na kushuka. Ni mlio mkavu, kama njugu zinazotikiswa ndani ya kopo. Ikigonga asubuhi injini ikiwa baridi, halafu ikanyamaza ikipata joto, bado una siku za kutembea nayo. Ikigonga ikiwa baridi na ikaendelea kugonga ikiwa na joto, huna.

Nilikuwa na kiburi cha kujua. Nakuambia hivi kwa sababu watu watakusimulia kwamba mama yako alikuwa mwanamke mpole, akafanywa fundi na ujane. Sikuwa mpole. Siku moja, kabla vita vya kwanza havijatufikia, baba yako alikuwa anamwambia mteja kwamba pikipiki yake inataka bujii mpya tu, kile kidude kinachotoa cheche. Watu walikuwa wengi pale. Nikasema kwa sauti kutoka mezani kwangu, "Hiyo si bujii, Baba Wilondja. Hiyo ni segma." Alibadilisha bujii. Pikipiki ikaondoka, ikazimika mbele ya soko, ikarudi inasukumwa. Walicheka. Mmoja akasema, "Fundi, siku ingine uanze kuuliza bibi yako."

Baba yako alinigeukia. "Injini haiko sufuria," alisema. "Kaa kwa maharagwe yako."

Tulikaa siku tisa bila kusemeshana. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, na wewe ndiwe uliyebeba maneno yetu. Mama anasema chakula kiko tayari. Baba anasema amesikia. Sijui kama unakumbuka. Natamani usikumbuke.

Katika siku hizo tisa ndipo Muganga Asende alipokuja. Alikuwa bado kijana, hana mvi hata moja. Habari zilisema vita vimefika Uvira, na watu walikuwa wanapita barabarani na magodoro kichwani. Alikuwa na katoni ya dawa aliyotaka ifike Kilembwe kabla njia haijafungwa, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba kwa jipu, hawezi kushika usukani. Kufika tu Baraka kulimtoa machozi. Alitaka baba yako ampeleke.

Niliisikia pikipiki yake tangu kwenye kona. Ilikuwa imeteremka kutoka Fizi, ina joto kabisa, na ilikuwa inagonga. Na chini ya ule mgongano kulikuwa na mlio wa pili, mwembamba, kama ukucha unaokwaruza bati. Segma ilikuwa imevunjika. Wilondja, sijawahi kuwa na hakika ya kitu maishani mwangu kama nilivyokuwa na hakika siku ile.

Na baba yako? Aliikanyaga kiki mara mbili, nikaona mguu wake unavyoshuka. Injini nzima inakataa mguu, inausukuma urudi. Ile iliuacha uende kama anakanyaga matope. Akasimama kidogo, mkono kwenye tangi. Nadhani alijua. Nadhani kama ningemwita pembeni nikamwambia neno moja kwa upole, angeifungua. Au pengine angekataa kwa sababu ni mimi ninayesema. Sijui, na nitakufa sijui. Alimwambia Muganga, "Imechoka kidogo, lakini itafika. Tukirudi nitaifungua."

Nilikaa kwa maharagwe yangu. Miaka mingi nilijiambia kwamba niliogopa kumwaibisha tena. Si kweli. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka izimike. Nilitaka izimike palepale mbele ya soko, watu wamejaa, naye arudi anaisukuma kwa jasho, na mimi nisiseme kitu, niendelee tu kuchambua. Nilishaiona yote kichwani. Ilinifurahisha.

Alikuja mezani amevaa koti. Siku ya tisa alinisemesha yeye kwanza.

"Mama Wilondja, mi naenda."

"Nenda basi," nikasema. Sikuinua macho.

Haikuzimika mbele ya soko.

Yaliyofuata aliniambia Muganga. Waliupanda mlima mpaka Fizi, wakalala, asubuhi wakaendelea. Baba yako alikuwa anasimama mara kwa mara aiache ipoe, na alizidisha oili kwenye esansi, jambo ambalo fundi halifanyi ila akiwa na hofu. Mbele ya Fizi kuna mwinuko mrefu. Katikati ya mwinuko ule nguvu ikaisha. Akarudisha gia, akaongeza esansi, ikatoka harufu ya chuma kilichoungua, halafu gurudumu la nyuma likagoma papo hapo. Wakateleza wakaanguka kwenye majani. Hawakuumia. Wakaingoja ipoe, ikakubali kuzunguka, wakaenda kama nusu saa. Ikagoma tena, na mara hiyo haikukubali kuzunguka.

Walikuwa wanaisukuma walipokutana na watu wanaokimbia kutoka mbele, akina mama na watoto mgongoni.

"Murudi!" mmoja aliwapigia kelele. "Baaskari bako njiani! Banakamata banaume ba kubeba mizigo!"

Muganga akasema waiache pikipiki, waingie porini pamoja na watu. Baba yako akakataa.

"We chukua dawa, wende nabo," alimwambia. "Mi nabaki nayo. Ni pikipiki ya bagonjwa, haiko yangu."

"Lubunga, ni chuma tu."

"Mi ndiye nilisema itafika."

Muganga aliondoka na katoni kichwani. Alipogeuka mara ya mwisho, baba yako alikuwa anakata matawi ya kuifunika.

Wakati huo mimi na wewe tulikuwa ndani ya mtumbwi kwenda Ubwari, na sufuria mbili na blanketi. Kule kijijini kwa wavuvi ulikuwa unaniuliza kila siku kama Baba anajua tuliko. Nilikujibu kwamba anajua. Nilikuwa nakwenda peke yangu ufukweni na kutazama upande wa Baraka, na nilichokuwa nasikia masikioni ni sauti yangu mwenyewe inayosema nenda basi. Kulikuwa na watu wengi waliokimbia kama sisi, tunalala wote katika nyumba moja, na sikuweza kumwambia hata mmoja. Upweke wangu ulianza hapo, mwanangu, katikati ya watu. Haukuanza na ujane.

Tuliporudi Baraka, Muganga alikuja uani akiwa na wanaume wawili wanaoisukuma pikipiki. Alivua kofia. Aliniambia kwamba Lubunga ameuawa na kwamba watu wa kule wamemzika. Mimi nikakuambia wewe kwamba askari walimuua baba yako na hatujui alikozikwa. La kwanza ni kweli. La pili nilikuficha.

Pikipiki ilikaa pembeni ya nyumba miezi kadhaa. Muganga hakuidai, na mimi sikuweza kuiangalia. Asubuhi moja, ukiwa shuleni, nilichukua spana za baba yako nikaifungua. Hakuna aliyenituma. Nilitaka kuona. Kipande cha segma kilikuwa kimejikita ubavuni mwa pistoni, na kila kilipopita kilichimba mtaro kwenye ukuta wa silinda. Mitaro mingine ilikuwa mipya, imechanika vibaya, ile ya siku ya mwisho. Lakini mingine ilikuwa imeng'aa kwa kusuguliwa muda mrefu. Injini ilikuwa imesema kwa wiki kadhaa. Niliisikia sawasawa. Nilikaa chini na pistoni ile mapajani, na kule kusikia sawasawa hakukunifaa kitu.

Mfanyabiashara mmoja aliniletea pistoni kubwa kidogo kutoka ng'ambo ya ziwa. Silinda niliipeleka Uvira kwa boti, ikachongwa. Nikaifunga mwenyewe, kwa kukumbuka mikono ya baba yako ilivyokuwa inakwenda. Ilipowaka mara ya kwanza, majirani walipiga vigelegele. Mimi nililia, wakafikiri ni furaha. Nililia kwa sababu vipuri vilipokuwa tayari, kazi yenyewe ilinichukua siku mbili tu.

Ndivyo nilivyokuwa fundi. Na sasa nikuambie kosa la pili, kwa maana watu wanafikiri mtu akishaungua mara moja anakuwa na akili. Mimi nilikuwa na hofu tu. Mwaka mzima nilifungua kila injini iliyoletwa. Mtu analeta pikipiki anasema haivuti, mimi nimeshashika spana. Alikuja Yoeli, yule mfugaji kutoka milimani aliyekuwa anashusha siagi ya ng'ombe wake kuuza hapa. Pikipiki yake ilikuwa imepungua nguvu kwenye vilima. Nikaitawanya yote juu ya gunia. Hakukuwa na kitu ndani. Bomba la moshi lilikuwa limejaa masizi, injini inashindwa kutoa pumzi. Kulisafisha ni kazi ya saa moja, kwa waya na moto.

Kabla sijaifunga, vita vya pili vikaanza. Watu kama yeye, wanaosema Kinyarwanda, wakaanza kutazamwa vibaya hapa chini, na ilibidi aondoke siku hiyohiyo na mama yake mgonjwa. Alikuja kuitafuta pikipiki yake. Akaviangalia vile vipande juu ya gunia, halafu akaniangalia mimi.

"Mama," alisema, "ningejua ningekuachia pistoni, nikaenda na magurudumu."

Akampakia mama yake mgongoni, wakaondoka kwa miguu. Sijui kama walifika. Nimeuliza kila mtu anayeteremka kutoka huko. Niliifunga injini yake siku tatu baadaye, na iko mle pembeni, chini ya turubai. Ndiyo ile unayoniuliza kila mwaka kwa nini siiuzi.

Kwa hiyo usifikiri ninayo kanuni ya kukupa. Dalili unazijua, umezijua kwa mguu na kwa sikio kunizidi. Asubuhi, injini ikiwa baridi, simama juu ya kiki na uzito wako wote: nzima itakubeba kidogo kabla ya kushuka polepole, iliyochoka itakuangusha. Ikipungua nguvu, anza na yaliyo nje, bujii, chujio la hewa, bomba la moshi, kabla hujaigusa silinda. Lakini ukishayamaliza hayo, na mguu bado unakwenda bure, na inagonga ikiwa na joto, isimamishe. Isimamishe hata kama Muganga ana haraka. Ana haki ya kuwa na haraka. Huyo ni mtu wa wagonjwa. Wewe ni mtu wa injini.

Jambo gumu kwangu halikuwa kusikia. Baba yako alitaka asionekane ameshindwa mara ya pili. Mimi nilitaka ashindwe. Kwa Yoeli nilitaka nisiwe na kosa tena, na wiki hii nilitaka ubaki. Injini zenyewe zilikuwa zinasema wazi. Ukiwa kule peke yako na watu wanangoja jibu lako, nawe unajikuta unalitaka jibu fulani sana, ondoka kidogo, kanywe maji, urudi uisikilize upya. Sina zaidi ya hilo.

Sasa kaburi.

Nimelificha kwa sababu ukienda utakutana na mama anayelitunza, naye atakusimulia, na ungerudi kuniuliza kwa nini pikipiki ilikufa. Sikuwa tayari kuulizwa na wewe. Kesho kutwa utapita hapo, na sitaki uyasikie kwa mtu mwingine kabla hujayasikia kwangu.

Nilikwenda mara moja tu, kabla ya vita vya pili, nimekaa nyuma ya Muganga, juu ya injini ileile niliyoifunga. Ukishaumaliza mwinuko mrefu baada ya Fizi, kuna nyumba chache na mto mdogo wenye daraja la magogo. Kabla ya daraja, mkono wa kushoto, kuna shamba la mihogo la Mama Echa. Alinishika mkono akanipeleka mpaka mwisho wa shamba. Pamezungushiwa mawe ya mtoni.

Aliniambia kwamba yeye na wenzake walikuwa wamejificha ndani ya mihogo, wakaona yote. Askari walimkuta baba yako amekaa kando ya matawi yake. Wakaitoa pikipiki, wakamwambia awashe. Akawaambia injini imekufa. Hawakuamini. Akapanda, akaikanyaga kiki mbele yao, ikakataa kushuka. Akakanyaga tena. Mmoja akasema fundi huyu ameifunga kusudi, hataki kutupa. Wakampiga risasi, wakaiacha pikipiki palepale, kwa kuwa haikuwa na faida kwao.

"Tulimuzika sisi banamuke," Mama Echa aliniambia. "Banaume bote balikuwa mu pori. Hatukujua jina yake. Tulimuita Fundi tu, sababu mikono yake ilikuwa na oili."

Nikamtajia jina lake. Alilirudia mara mbili ili asilisahau. Halafu akarudi nyumbani kwake, akaniacha pale. Nilitaka kumwambia baba yako kwamba nilisikia, kwamba nilijua tangu kwenye kona. Nilifungua mdomo, nikamweleza habari za shule yako, na bei ya chumvi. Neno lile nikarudi nalo.

Ukifika hapo, simama. Muganga anajua, atakungoja ng'ambo ya daraja. Zima injini uingie shambani kwa miguu. Kama unaweza, mwambie lile lililonishinda. Na kama una hasira nami, mwambie hilo pia, yeye atakuelewa. Ila anza kwa kumtajia jina lako. Alikuacha una miaka kumi na mmoja, unaongea kwa sauti nyembamba. Hii uliyo nayo sasa hajawahi kuisikia.

Mimi mama yako,
Apendeki